Winga kijana wa Australia anahesabiwa kwa dakika

Tarehe 12 Agosti 2023, mjini Brisbane, winga Cortnee Vine alipiga penalti ya kumi ya Australia dhidi ya Ufaransa, mpira ukatinga wavuni, na Matildas, timu ya taifa ya wanawake ya Australia, wakaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia la wanawake kwa mara ya kwanza. Matuta yale yaliisha 7-6 baada ya mikwaju 20, mingi kuliko matuta mengine yoyote ya Kombe la Dunia, la wanaume au la wanawake. Vine alikuwa na miaka 25. Alikuwa ameingia kutoka benchi, na alikuwa miongoni mwa wachezaji wachache wa kikosi kile waliokuwa bado wanacheza ligi ya nyumbani.

Wengi walianza kumfuatilia siku ile, na maswali yao yanafanana. Mchezaji mwenye kasi ile alikuwa wapi miaka yote? Mbona alianza mechi mbili za kwanza za mashindano halafu akakaa benchi? Mbona baada ya umaarufu ule hakuruka mara moja kwenda Ulaya? Majibu hayamo kwenye kipaji chake. Yamo kwenye kalenda ya ligi, mikataba, sheria za uhamisho, mfumo wa kocha na magoti. Ukitaka kuielewa kazi ya winga kijana wa Australia, hesabu dakika anazocheza: anazipata wapi, katika miezi ipi, na nani anamlipa.

Anachodaiwa winga uwanjani

Katika takwimu za mbio za Kombe la Dunia la wanawake la 2019, FIFA ilihesabu mbio za kasi kuanzia kilomita 19 kwa saa, na mbio za kasi kamili kuanzia kilomita 23 kwa saa. Kiungo wa kati anaweza kumaliza mechi akiwa amekimbia umbali mrefu kuliko winga, lakini sehemu kubwa ni mwendo wa wastani. Winga hukimbia mara nyingi zaidi kwenye hivyo viwango viwili vya juu, na baada ya kila mbio inambidi asimame ghafla au akate kona. Hapo ndipo thamani yake ilipo, na hapo ndipo misuli ya nyuma ya paja na magoti hulipa gharama.

Chini ya kocha Tony Gustavsson, Australia ya 2023 ilicheza zaidi 4-4-2, yaani mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili. Katika mfumo huo winga ana kazi mbili zinazovutana. Timu ikiwa na mpira, apanue uwanja na akimbilie nyuma ya beki. Timu ikipoteza mpira, arudi kukaa sambamba na viungo wake na kumlinda beki wa pembeni aliye nyuma yake. Winga kijana anayetoka kwenye timu inayotawala mechi nyingi, kama Sydney FC ya Vine, huijua vizuri kazi ya kwanza. Ya pili anaizoea baadaye, na kwa kawaida hiyo ndiyo inayomrudisha benchi.

Tazama bao la kwanza la Australia dhidi ya Denmark kwenye hatua ya 16 bora, dakika ya 29. Mshambuliaji Mary Fowler anapokea mpira ndani ya nusu yake mwenyewe, anageuka, na kupiga pasi ndefu ya chini inayokata katikati ya mabeki. Caitlin Foord, winga wa upande wa kushoto, ameshaanza kukimbia kabla pasi haijatoka. Anaufikia mpira akiwa kwenye kasi, anaingia ndani, anapitisha mpira katikati ya miguu ya kipa. Foord hakumpiga mtu chenga hata moja. Bao lilitokana na muda wa kuanza kukimbia. Winga akichelewa nusu sekunde, beki anageuka naye wakawa sawa. Akiwahi nusu sekunde, ameotea. Kijana anayesubiri kuona mpira unapigwa ndipo akimbie atakuwa nyuma kila mara, hata awe na kasi gani.

Mfano mwingine ni penalti iliyoamua mechi ya ufunguzi dhidi ya Ireland, mbele ya watazamaji 75,784 mjini Sydney. Hayley Raso, winga, aliangushwa ndani ya eneo la hatari akiushambulia mpira, na Steph Catley akafunga. Winga anayebaki kwenye mstari wa pembeni kutazama krosi inayotoka upande wa pili hawezi kupata penalti ile. Makocha hulisema jambo hili hadi wachezaji wanachoka kulisikia: mpira ukiwa upande wa pili, winga ni straika, na kazi yake ni mlingoti wa mbali.

Makosa ya winga kijana hujirudia, na mengi yanarekebishika. Anapokea mpira akiwa amesimama, mgongo kwa goli, hivyo beki anamsukumia nje. Dawa ni kupokea mwili ukiwa nusu wazi, kwa mguu ulio mbali na beki, na mguso wa kwanza uende mbele. Anapiga krosi ya juu kutoka mbali, mita 30 kutoka mstari wa goli, mabeki wakiwa wamejipanga. Pasi ya chini inayorudishwa nyuma kutoka karibu na mstari wa goli huwakuta mabeki wakikimbilia goli lao na straika akiutazama mpira. Kosa la tatu ni kukimbia kasi moja muda wote. Beki hasumbuliwi sana na kasi anayoizoea. Kinachomuumiza ni mtu anayepunguza mwendo, akamsimamisha, kisha akaondoka upande wa mguu ambao beki ameuegemea.

Fowler ana faida ambayo wachache wanayo: anatumia miguu yote miwili karibu sawa. Beki akikutana na winga wa mguu mmoja humfungia njia ya mguu huo na kumpa njia dhaifu. Kwa Fowler hakuna njia dhaifu, na ndiyo maana amepangwa kulia, kushoto, nyuma ya straika na hata straika. Faida hiyo ina upande wake mgumu: mchezaji anayeweza kila nafasi huhamishwa kila wiki, na kijana huchelewa kuimiliki nafasi moja.

Kalenda isiyokaa sawa

Ligi kuu ya wanawake ya Australia ilianza 2008 kwa jina la W-League, ikiwa na timu 8 na raundi 10. Piga hesabu: mchezaji aliyecheza kila dakika ya raundi hizo alipata dakika 900 kwa mwaka. Winga wa miaka 18 aliyekuwa akiingia dakika ya 70 alipata 200. Kwa kiwango hicho hakuna msaka vipaji wa nje anayeweza kumpima, na mwenyewe hawezi kujua kama anakua. Mwaka 2021 ligi ikaitwa A-League Women, na msimu wa 2023/24 ulikuwa wa kwanza kuwa na timu 12 zinazokutana nyumbani na ugenini, yaani raundi 22. Kiwango cha juu kikapanda hadi dakika 1,980 kabla ya mtoano.

Vine, aliyezaliwa 1998, aliukuta mfumo wa zamani. Alianzia Brisbane Roar, akapitia Newcastle Jets na Western Sydney Wanderers, akafika Sydney FC 2020. Timu nyingi katika miaka michache, misimu mifupi, mikataba ya miezi. Timu ya taifa ya wakubwa ilimpata Januari 2022, kwenye Kombe la Asia, akiwa na miaka 23. Watu wakasema alichelewa. Kwa maoni yangu hakuchelewa hata kidogo: alifika pale ambapo dakika zilizokuwepo zingeweza kumfikisha.

Msimu wa ligi hiyo huchezwa majira ya joto ya kusini, takribani Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Majira ya baridi zipo ligi za majimbo, zinazoitwa National Premier Leagues, kuanzia karibu Februari au Machi hadi Agosti au Septemba. Kwa miaka mingi kijana alitoka moja kwa moja kwenye ligi kuu akaingia ligi ya jimbo, kisha akarudi. Dakika aliziongeza, lakini likizo haikuwepo, na kila timu ilikuwa na kocha wake, uwanja wake na mazoezi yake ya nguvu yasiyojua mwenzake alifanya nini. Mzigo unapobadilika ghafla namna hiyo, misuli ya paja ndiyo hulia kwanza.

Nje ya nchi, ligi ya Uingereza huanza Septemba na kuisha Mei. Ya Marekani, NWSL, huanza Machi hadi Novemba. Zamani Waaustralia walizifunga ligi mbili pamoja: majira ya joto nyumbani, kisha NWSL. Straika Sam Kerr na Raso walifanya hivyo kwa miaka. Ligi zote mbili ziliporefuka, zikaanza kupandana, na njia hiyo ikafungika. Sasa kijana lazima achague.

Pesa, na kwa nini uchaguzi huo ni mgumu

Msimu wa 2023/24 kima cha chini cha mshahara katika A-League Women kilikuwa dola za Australia 25,000, kwa mkataba wa wiki 35. Ni makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji, PFA, na ni hatua kubwa. Mwaka 2017 kima kilikuwa karibu dola 10,000. Bado kiasi hicho hakitoshi kumweka mtu mzima mjini Sydney mwaka mzima, kwa hiyo wachezaji wengi wana kazi nyingine au wanasoma. Mazoezi ya jioni baada ya zamu ya asubuhi yanaleta matokeo ya mazoezi ya jioni baada ya zamu ya asubuhi. Usingizi unapungua, chakula kinakosewa muda, na ukarabati wa jeraha dogo unaahirishwa hadi liwe kubwa.

Linganisha na NWSL, ambayo mkataba wake wa pamoja uliosainiwa 2024 uliweka kima cha chini cha dola za Marekani 48,500 kwa 2025, kikipanda kila mwaka hadi 82,500 mwaka 2030. Lakini mlango wake ni mwembamba. Kila timu ina nafasi 7 za wageni, ambazo timu zinaweza kuuziana, na winga wa Australia anashindania nafasi hizo na Wabrazil, Wajapani, Wanigeria na Wazambia. England mlango ni wa aina nyingine: kibali cha kazi hutegemea pointi zinazotolewa na chama cha soka cha nchi hiyo, kwa kuangalia mechi za timu ya taifa na dakika za ligi anakotoka mchezaji. Hapo utaona jinsi mambo yanavyoshikana. Kijana asiyeitwa timu ya taifa hana pointi za timu ya taifa. Asiyecheza ligi haitwi. Na ligi fupi haimpi cha kuonyesha.

Timu ya taifa yenyewe inalipa vizuri zaidi kuliko zamani. Mwaka 2015 Matildas walisusia ziara ya Marekani kwa sababu ya malipo. Novemba 2019 makubaliano mapya yaliwapa wanawake na wanaume mgawo sawa wa mapato ya kibiashara ya timu zao za taifa. Kwa hiyo kuitwa au kutoitwa kuna uzito mkubwa mno kwenye kipato cha mwaka. Winga wa miaka 20 anajua hilo kila anapopima kama acheze na maumivu.

Kuna mgawo mwingine ambao mashabiki huusahau. Kanuni za FIFA zinasema fidia ya malezi, ile inayolipwa vilabu vilivyomfundisha kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, haihusu soka la wanawake. Mchango wa mshikamano ndio unaohusu: asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa vilabu alivyochezea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi wa kutimiza 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada, na wa 16 hadi 23 asilimia 0.5. Tatizo ni kwamba wachezaji wengi wa kike huondoka mkataba ukiwa umeisha, bila ada. Asilimia 5 ya sifuri ni sifuri, na klabu ya mtaa iliyomfundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto haipati senti.

Wawili, njia mbili

Baada ya Kombe la Dunia iliripotiwa kuwa vilabu vya Ulaya vinamtaka Vine. Alibaki Sydney FC msimu wa 2023/24. Baadhi ya watu waliona ni woga. Uamuzi ule ulikuwa na hesabu ndani yake: Sydney FC ilikuwa imetoka kushika nafasi ya kwanza kwenye ligi misimu mitatu mfululizo na kutwaa ubingwa wa fainali ya 2023 kwa mabao 4-0 dhidi ya Western United, na pale alikuwa na uhakika wa kuanza. Gharama yake ni kasi ya mechi. Beki wa A-League Women humpa winga mguso mmoja zaidi kuliko beki wa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na aliyezoea mguso huo anashtuka anapokutana na Uingereza au Hispania. Mwaka 2024 Vine akahamia North Carolina Courage ya Marekani.

Fowler alichukua njia ya pili mapema. Alizaliwa Cairns mwaka 2003, mama yake ni wa Papua New Guinea na baba yake ni wa Ireland. Aliichezea Australia Julai 2018 dhidi ya Brazil, akiwa na miaka 15. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye kikosi cha Kombe la Dunia bila kugusa mpira, kisha akaenda Montpellier ya Ufaransa. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, akiwa na miaka 18, alifunga kwenye muda wa nyongeza katika ushindi wa 4-3 dhidi ya Uingereza. Manchester City ilimsajili 2022, na msimu wake wa kwanza huko alianza mechi chache. Benchi la City lilimpa mazoezi ya kila siku na mabeki bora, ila dakika za ushindani zilikosekana.

Hakuna njia sahihi kwa wote. Ninachoamini ni kwamba kabla ya miaka 20 dakika zina thamani kuliko jina la klabu, isipokuwa kwa mchezaji ambaye tayari timu ya taifa inampa dakika hizo. Fowler alikuwa na timu ya taifa. Winga wa kawaida hana.

Na hata dakika za timu ya taifa hupeperuka kwa sababu zisizomhusu mchezaji. Mwaka 2023 Kerr aliumia kigimbi kabla ya mechi ya kwanza. Foord akasogezwa katikati, Vine akaanza pembeni dhidi ya Ireland. Fowler akaikosa Nigeria kwa mtikisiko wa ubongo uliotokea mazoezini, Vine akaanza tena, Australia ikafungwa 3-2. Fowler aliporudi kwa mechi ya Canada, mpangilio wa mbele ukabadilika, Australia ikashinda 4-0, na Vine akarudi benchi. Wiki moja na nusu, nafasi imekuja na kuondoka, na yeye hakucheza vibaya kiasi cha kustahili lawama.

Goti

Ligamenti ya msalaba ya mbele ya goti, ACL, ndiyo inayofuta misimu. Kwa winga huchanika mara nyingi bila kuguswa: anapunguza kasi, anakanyaga mguu mmoja, goti linaingia ndani huku mguu ukiwa umekwama chini. Wanawake wanaocheza soka huumia hivyo mara kadhaa zaidi ya wanaume, na sababu zinazochunguzwa ni nyingi: umbo la nyonga na goti, homoni, viatu vilivyotengenezwa kwa kipimo cha miguu ya wanaume, viwanja vibovu, na mazoezi ya nguvu yanayoanza kwa kuchelewa. Hii ya mwisho ndiyo iliyo mikononi mwa klabu.

Programu ya FIFA 11+ inachukua dakika kama 20 na haihitaji mashine: dakika 8 za kukimbia polepole na kunyoosha viungo, dakika 10 za nguvu, mizani na kuruka, dakika 2 za kukimbia kwa kasi na kukata kona. Ikifanywa angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha kwa takribani theluthi moja au zaidi. Inashindwa pale inapofanywa wiki mbili za maandalizi kisha ikaachwa, au wachezaji wanaporuka na kutua magoti yakigusana huku kocha akipanga koni.

Akishafanyiwa upasuaji, mchezaji asirudi kwenye mechi kabla ya miezi 9. Tarehe peke yake haitoshi: mguu uliofanyiwa upasuaji ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mguu mwingine, na kuruka kwa mguu mmoja kulingane pande zote. Kwa winga ongeza kipimo cha kusimama ghafla kutoka kasi kamili, kwa sababu hilo ndilo lililomuumiza.

Fowler alichanika ACL Aprili 2025, nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Manchester United. Kerr aliumia Januari 2024 na alirudi uwanjani Septemba 2025, miezi 20 baadaye. Holly McNamara wa Melbourne City, mwenye umri sawa na Fowler, alikuwa ameumia ACL mara tatu akiwa bado na miaka 20. Ya tatu ilikuwa Desemba 2023. Alifanya ukarabati wote upya, akarudi kucheza na kufunga kwenye A-League Women akiwa na Melbourne City ileile.